Chungu mmekivunja, methali mmeiacha: barua ya wazi kwa wachungaji wetu

Kwa wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa letu mlioko Tunduma, Nakonde, Chinsali na Mpika.

Bwana Yesu asifiwe. Kwa mlio ng'ambo, mwapoleni mukwai.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ndiye yule mama wa mchele wa pale mpakani. Mkija kununua mnaniomba nizidishe kipimo "kwa ajili ya kazi ya Bwana", nami huzidisha. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kibemba changu kinaishia kwenye bei na salamu, na kwa sababu ninyi nyote Kiswahili mnakijua, hata wale ambao mkishapanda madhabahuni mnajifanya mmekisahau. Naandika hadharani kwa sababu barua mbili za bahasha nilizokwisha kuleta ofisini hazikujibiwa.

Jambo lenyewe ni hili. Mwanangu wa pili ameoa Mpika, kwa Wabemba wa Zambia, binti mwimbaji wa kwaya. Ndoa ilifungwa kanisani, cheti kipo, watu walikula wakasaza. Lakini bibi yake binti, mama mzaa mama, ambaye ndiye aliyemlea, alitengwa na Meza ya Bwana wiki mbili kabla ya harusi, na leo ni mwezi wa nane hajarudishwa kundini. Kosa lake ni kumfunda mjukuu wake. Alimfunda nini, hakuna aliyeuliza. Ilitosha kwamba alitumia mbusa.

Kwa wasomaji wa upande wetu ambao neno hili ni geni: kwa Wabemba, nachimbusa ndiye kungwi, ndiye somo, na zamani ndiye aliyekuwa mkunga pia. Mbusa ni vifaa vyake vya kufundishia, vinyago vidogo vya udongo na michoro ya ukutani, kila kimoja na wimbo wake. Zamani msichana alioneshwa alipovunja ungo, katika unyago wao uitwao chisungu. Siku hizi mambo yote yamebanwa ndani ya wiki chache za kabla ya harusi, jioni jioni, pazia limeshushwa. Bibi huyu ni nachimbusa. Kwao wanamwita Banakulu, nami nitamwita hivyo hivyo. Kiswahili alikipata akiwa msichana, enzi za ujenzi wa reli kati ya 1970 na 1975, alipokuwa akiwauzia mihogo ya kuchemsha mafundi wa Kitanzania kule Mpika. Ndiyo maana mimi na yeye tunaelewana bila mkalimani.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona, nikalala Jumamosi, Jumapili tukaenda ibadani pamoja. Ilikuwa siku ya Meza ya Bwana. Alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, mahali pa wanaonyonyesha na wanaochelewa. Watu walipoanza kusogea mbele, alitoa leso yake mapajani, akaikunja mara nne, akaikunjua, akaikunja tena. Nilimwambia sitakwenda, nitakaa naye. Akanisukuma kwa kiwiko. "Nenda," akasema, "ukirudi utaniambia kama divai bado ni ile ile." Nilikwenda. Sikumbuki kama ilikuwa ile ile.

Sasa nisikilizeni, maana mimi nimeyaona kwa macho yangu mambo ambayo wengine wenu mnayahubiri kwa kusimuliwa.

Tulianza na insalamu. Hilo ni neno ambalo Mswahili halimpi shida kulikisia. Mzazi wa kijana haendi mwenyewe. Humtuma shibukombe, yaani mshenga, mtu mzima mwenye ndoa inayoeleweka na mdomo usiovuja. Wetu alikuwa fundi mstaafu wa reli. Alibeba sahani mbili nyeupe, moja imeifunika nyingine, noti zikiwa ndani na kitambaa cheupe juu. Akapiga magoti mlangoni, akaeleza kilichomleta kwa mafumbo, kama wanavyofanya washenga kote duniani. Sahani hazikufunuliwa mpaka binti alipoitwa. Akaulizwa mbele ya mjomba wake, shangazi yake na bibi yake: watu hawa unawafahamu? Tuipokee, tusiipokee? Shibukombe alitusimulia kwamba binti alinyamaza muda mrefu hata yeye mshenga magoti yakaanza kumuuma. Kisha akasema: ipokeeni.

Mchungaji mmoja alisema baadaye, mbele ya kamati ya harusi, kwamba sahani zile ni za mizimu. Nikarudi nyumbani nikafungua Mwanzo 24. Mtumwa wa Ibrahimu anafika kwa kina Rebeka na zawadi, anaeleza ujumbe, na kabla ya kuondoka wanamwita msichana na kumwuliza: "Je! Utakwenda na mtu huyu?" Naye anajibu: "Nitakwenda." Huyo mtumwa ni shibukombe aliyekosa sahani tu. Na ninyi madhabahuni mnauliza swali lile lile, ila mnaliuliza wakati ukumbi umeshalipiwa na ng'ombe ameshachinjwa. Mbemba analiuliza wakati bado mtu anaweza kusema hapana akarudi jikoni.

Baadaye ikaja chilanga mulilo, maana yake kuonesha moto. Kabla ya siku hiyo mkwe haruhusiwi kula kwao mchumba wake; akipita hapo njaa inamuuma, ni shauri lake. Siku ikifika, wanawake wa upande wa binti wanapika kila kinachopikwa kwao na kukileta kwa mwanamume, ili aone moto wa nyumba anayoingia unapika nini. Nilikuwa nyumbani kwa mwanangu walipofika. Niliwasikia kabla sijawaona, nyimbo zinatoka mwisho wa barabara, kisha wakaingia mmoja mmoja, vyungu kichwani. Wakavitua, wakalala chali sakafuni wakipiga makofi, ndiyo heshima yao ya juu. Halafu vifuniko vikaanza kufunuliwa na Banakulu akawa anaeleza. Kuku wa kienyeji, mzima, vipande vyote vinahesabika. Mboga ya majani na karanga za kutwanga, wanaiita ifisashi. Uyoga mkavu. Viwavi waliokaushwa, ambao Mpika ndiyo kwao, na mimi nilijikaza nikala watatu. Na chikanda, ile keki yao ya mizizi na karanga. Hapo nikachangamka, maana mizizi ile naijua: inatoka milimani kwetu, Makete na Kitulo, inavuka kwa magunia hapa hapa Tunduma. Nikamwambia Banakulu, mkwe, hiki ni cha kwetu. Akasema, ndiyo maana tumekipika.

Banakulu akamnawisha mwanangu mikono. Mtu anayemnawisha mkwe mikono mbele ya watu hamdai tena aibu. Kuanzia hapo mlango uko wazi.

(Mabadiliko ya mjini yananichekesha kidogo. Lusaka wengi wanaita shughuli hii matebeto. Shibukombe wetu akisikia hivyo hukunja uso. Amatebeto ni kitu kingine, ni karamu ya shukrani. Mkwe huandaliwa baada ya miaka ya ndoa, ikionekana kweli amemtunza mtoto wa watu. Hebu fikirini kanisa letu lingekuwa na ibada ya namna hiyo, ya kumshukuru mwanamume aliyetunza ndoa miaka kumi. Tungepata wangapi?)

Katika hayo mlikemea nini? Kule kulala chali. Mlisema ni kumsujudia mwanadamu. Nilitaka kuwauliza, mbona askofu akija tunatandika khanga barabarani akanyage, na hakuna anayeuliza zimetandikwa kwa ajili ya nani.

Kuna jambo jingine nililojifunza kwa Wabemba ambalo sijawahi kulisikia likihubiriwa. Ukoo wao unafuata mama. Zamani kijana hakutoa ng'ombe; alihamia kijiji cha mkewe na kuwalimia wakwe miaka kadhaa, akikata miti na kufungua mashamba, na akionekana ni mtu ndipo aliruhusiwa kumchukua mke akaenda naye anakotaka. Migodi ya shaba ilipofunguliwa miaka ya 1920 na 1930 kule Luanshya, Kitwe na Mufulira, vijana waliondoka, na mahali pa jembe pakashikwa na pesa. Sasa chukueni Biblia. Yakobo alimtumikia Labani miaka saba kwa ajili ya Raheli, "ikawa machoni pake kama siku chache tu". Na Mwanzo 2:24 inasema mwanamume ndiye atakayemwacha baba yake na mama yake. Mwanamume! Sisi tunaousoma mstari huo kila harusi ni watu tunaomng'oa msichana kwao na kumpeleka kwa mama mkwe, na tunaona sawa. Mstari huo ulipoletwa kwa Wabemba, waliusoma kama taarifa ya kijijini kwao. Wakaambiwa wao ndio wenye mila za gizani.

Kuhusu mpango, yaani mahari, nitapita haraka. Imepanda, wajomba wengine wanauza, hilo ni kweli na mnalisema vizuri. Ila msiliseme mkiwa mmeshika orodha ya kamati ya harusi. Keki ya ngazi nne haikutoka Yerusalemu. Hata pete ilikuwa ya Warumi wasiomjua Kristo kabla haijawa yetu. Ilipakwa maji, ikaombewa, ikakaa. Nani aliamua kwamba udongo wa Roma unatakasika na udongo wa Mpika hautakasiki?

Niseme sasa juu ya huo udongo.

Tulipotoka Mpika baada ya harusi hatukurudi kwa njia ya Nakonde. Shemeji yangu alikuwa na shughuli Sumbawanga, tukazunguka Kasama na Mbala. Pale Mbala kuna makumbusho yanayoitwa Moto Moto, kwa jina la utani la Askofu Joseph Dupont, Mfaransa wa Wamisionari wa Afrika aliyeingia Ubemba mwishoni mwa karne ya 19. Jina hilo Mswahili hatafsiriwi. Ndani, nyuma ya vioo, nikaziona mbusa zimepangwa: wanyama, nyumba, watu, zimepakwa chokaa nyeupe, rangi nyekundu na nyeusi. Zilikusanywa na padri, Jean-Jacques Corbeil, Mkanada, aliyekaa na akina nachimbusa mpaka wakamwamini. Unalipa kiingilio, unaangalia, hakuna anayekutenga. Nikasimama mbele ya kobe wa udongo asiyezidi kiganja changu, nikamkumbuka Banakulu. Yeye alinieleza kwamba kobe ni mwanamke anayetoa shingo akiwa kwa wenzake, akila na kucheka, lakini wageni wakija kwake anarudisha kichwa ndani. Usiwe kobe. Hilo ndilo somo. Nimekaa kwenye semina za ndoa za kanisa, za siku mbili, na chai na maandazi, sikuondoka na neno moja lililonikaa kama hilo.

Na kile chungu. Kila mnapowataja akina nachimbusa mnakitaja. Nachimbusa humpa bibi harusi chungu kidogo. Zamani maji yake yalipashwa moto, na mume na mke waliokutana usiku walinawishana kabla ya kugusa moto wa jikoni au mtoto, kwa hofu kwamba wasipofanya hivyo madhara yatampata mtu. Hofu hiyo mimi pia siitaki, na Banakulu haifundishi tena. Anafundisha maji tu. Aliniambia: "Mwanamume aliyezoea kummiminia mkewe maji, mkono wake unakuwa mzito kumpiga." Siku mchungaji alipokuja kukagua nyumba alikichukua chungu kile akakipasua kwenye jiwe la mlangoni, watoto wanaangalia. Yohana 13 inasema Bwana alitia maji katika beseni. Natumaini lile beseni halikuwa la udongo.

Simaanishi kwamba kila kitu cha mila kikae. Mtu akiita mizimu ya ukoo, ile wanayoiita imipashi, iibariki ndoa, hapo Mkristo ana swali la kujibu, na Banakulu mwenyewe tangu abatizwe anafungua mafundisho yake kwa sala na wimbo wa tenzi. Mjane kulazimishwa kulala na ndugu wa marehemu ili "atakaswe" ni dhuluma, na ni vema kwamba familia nyingi leo zinamfunga ushanga mweupe mkononi mambo yakaisha. Mitala mmeikataa na mmefanya sawa. Lakini kuna kitu kibaya kuliko vyote hivi ambacho sijawahi kusikia mkikikemea hata mara moja. Hakikutengenezwa kwa udongo. Labda ndiyo maana hamkikuti mnapokagua nyumba.

Ni methali. "Ubuchende bwa mwaume tabutoba ng'anda." Uzinzi wa mwanamume hauvunji nyumba. Vizazi na vizazi vya mabibi harusi wa Kibemba wamefundwa hivyo: akitoka, usiulize, akirudi, mpe maji ya kuoga. Nyumba itasimama.

Nilimwuliza Banakulu usiku ule wa Jumamosi, kama naye huifundisha. Alikaa kimya kwanza. Akasema aliifundisha miaka mingi, kama alivyofundishwa. "Binti yangu nilimfunda kwa methali hiyo," akasema. "Alinisikiliza. Nilimzika 2001, na mumewe alikuwa ameshatangulia." Binti yake huyo ndiye mama wa mkwe wangu. Ugonjwa sikuuliza. Mwaka ule kila mtu wa njia ya reli na ya malori aliujua.

Baada ya msiba ule Banakulu aliitoa methali ile katika mafundisho yake. Hakuitwa semina, hakupewa waraka. Aliitoa mwenyewe, na mahali pake akaweka jambo jipya: hakubali kumfunda bibi harusi mpaka bwana harusi aje kuketi mbele yake na shibukombe wake, jioni tatu, asikie na yeye. Mwanangu alikwenda. Alirudi amenywea. Alichoambiwa hakunisimulia, ila alisema, mama, yule bibi anajua kuuliza.

Huyo ndiye mliyemtenga.

Sasa niseme la kwangu, maana sitaki mdhani nawatupia mawe Wabemba. Mwaka 1998 marehemu mume wangu alikuwa na mwanamke mwingine Mbeya, kila mtu hapa alijua. Nikaenda kwa mzee wa kanisa, moyo wangu unalia. Mzee yule alifungua Mithali 14 akanisomea kwamba mwanamke mwenye hekima huijenga nyumba yake. Akaniuliza kama napika vizuri. Akaniuliza kama nampokea mume wangu kwa uso mkunjufu. Kisha akaomba, akaondoka na kilo mbili za mchele. Mume wangu wakati huo alikuwa kwenye kamati ya ujenzi wa kanisa, na hakutengwa hata Jumapili moja. Aliacha mambo yale baada ya miaka minne, kwa hiari yake, na Mungu amrehemu.

Kwa hiyo methali ile naijua. Mimi niliisikia kwa Kiswahili, ikisomwa kutoka kwenye Biblia yenye zipu. Banakulu aliisikia kwa Kibemba, ikiimbwa gizani. Ni methali moja, na ninyi mmekuwa mkiitunza pande zote mbili za mpaka huku mkipasua vyungu.

Mkisema kuchambua mila ni kazi ngumu na ya hatari, angalieni waliojaribu. Wenzetu Wakatoliki waliandika tangu mwaka 1963, katika hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia, kifungu cha 77, kwamba desturi njema za mahali za kufunga ndoa zihifadhiwe, na maaskofu wa nchi wakitaka wanaweza kuandaa ibada ya ndoa ya kwao. Kongo walikwenda mbali hadi kwenye misa yenyewe. Roma iliikubali mwaka 1988. Msipochambua ninyi, watu huchambuliwa na mwingine. Chinsali wanakumbuka. Alice Lenshina alikuwa mwanamke wa kijijini aliyekuwa akifundishwa ubatizo misheni ya Lubwa. Kuanzia 1953 alisimama akakataza mitala, uchawi na pombe, akawatungia watu nyimbo kwa lugha yao, na waliomfuata wakahama makanisa ya wamisionari kwa maelfu mengi. Yaliyofuata mwaka 1964 yalikuwa damu na msiba, na sina haja ya kuyarudia. Nakumbusha tu kwamba waliondoka kwenye mabenchi ya watu waliokuwa wakisema "hapana" bila kueleza hapana kwa lipi.

Na hapa kwetu Tanzania tusijione. Kicheni pati tunafanya, umoja wa akina mama unachangia, kungwi anakuja na spika, anaonesha mambo ambayo Banakulu angefunika uso, na mama mchungaji yupo mstari wa mbele amevaa sare. Hakuna aliyetengwa. Tofauti ni nini? Kwamba kungwi wetu anatumia kipaza sauti?

Ninachoomba ni vitu vichache, na naviomba kwa heshima.

Banakulu arudishwe kundini, na itangazwe kwenye benchi zile zile ilikotangazwa kutengwa kwake. Si kwa kumwita ofisini na kumnong'oneza.

Waiteni akina nachimbusa, wale walio washirika wetu, mkae nao siku nzima, na wake zenu wawepo kwa sababu mambo mengine hawatayasema mbele yenu. Wawaoneshe mbusa moja moja. Mkisema hii hapana, semeni kwa nini, na muandike. Kibemba cha zamani kilimwita mwanamke kabumba wa mapepo, yule anayeifinyanga sala. Hamwezi kuwa mnamkaribisha afinyange sala na kumfukuza kwa sababu ya kufinyanga kobe.

Vijana wa kiume wafundwe. Binti alifundwa wiki sita, na mwanangu angefundwa saa mbili kama si ukali wa yule bibi. Shibukombe asimame kanisani siku ya ndoa, ajulikane na washirika kwamba huyu ndiye tutakayemwuliza. Kwa sasa tunamweka nyuma ya wapiga picha.

Na katika mafundisho yenu ya ndoa upande wa Zambia, itajeni sheria ya mirathi ya 1989. Mume akifa bila wosia, mke ana asilimia 20, watoto 50, wazazi 20, na wategemezi wengine 10. Nimewaona wajane wakiondoka na godoro tu, na wanaobeba makochi ni waimbaji wa tenzi. Nchi ilitangazwa ya Kikristo mwaka 1991. Mjane na asikie tofauti.

Methali ile ikemewe, kwa Kibemba na kwa Kiswahili, jina lake litajwe. Na Mithali 14 isisomwe tena kwa mwanamke aliyekuja kulia mpaka mumewe awe ameitwa.

Mimi sitahama kanisa. Nimezikia mume hapa na nina deni la benchi mbili nilizoahidi. Ila mjue kwamba mdogo wake yule bwana harusi naye ameshampata wa kwake, Chinsali, Mbemba vilevile, na anataka tupeleke neno baada ya mavuno. Sahani mbili nyeupe nimeshanunua. Ziko kabatini, bado zina kibandiko cha bei. Shibukombe ni yule yule, magoti yake amesema yatavumilia. Binti wa safari hii hana bibi, na tumemwomba Banakulu akamfunde. Amekubali, kwa sharti moja: aulize kwanza kwenu.

Atakuja Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Atakuwa benchi la mwisho, karibu na mlango.

Mama wa mchele,
Tunduma